Mubirizi, Mti Mchungu wa Nyuma ya Nyumba

Katika vilima vya Masisi, nyuma ya nyumba nyingi au mpakani mwa shamba, husimama mti mdogo ambao hakuna anayeupalilia. Mama hupanda maharage na viazi mbele yake, na mti wenyewe huuacha ukae. Siku mtoto anapoumwa tumbo, nyanya huenda huko nyuma, huchuma majani machanga kiasi cha kujaza kiganja, huyaponda, huyakamua katika maji baridi, huchuja, kisha huja na kikombe. Maji yale ni ya kijani, na juu yake pana povu. Mtoto huziba pua kwa vidole viwili. Haisaidii sana, maana uchungu huo ni wa ulimi, nao hukaa mdomoni mpaka jioni.

Mti huo ndio mubirizi.

Wasemao Kinyarwanda huuita umubirizi. Wanyankore wa Uganda huuita omubirizi, na Waganda huuita mululuza. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Vernonia amygdalina, na siku hizi wengi wao huandika Gymnanthemum amygdalinum. Watu wengine katika Kongo husema kongo bololo, na maana ya bololo ni uchungu. Lakini jina hili la mwisho lataka uangalifu, kwa sababu limepewa mimea zaidi ya mmoja. Huko Kinshasa, mtu akiomba kongo bololo sokoni aweza kupewa majani ya mmea mwingine kabisa, ule utambaao juu ya miti, uitwao Morinda morindoides. Mti mmoja kuwa na majina matano si shida. Shida ni jina moja kubebwa na miti miwili, hasa kama majani yake yatanywewa.

Mubirizi hukua mpaka mita 2 au 5, na mara nyingine kupita hapo. Gome lake ni la kijivu, lenye nyufa. Majani yake yamechongoka mbele, na kingo zake zina meno madogo. Maua ni madogo meupe, yamekusanyika mwishoni mwa matawi, nayo yana harufu nzuri inayovuta nyuki. Mti huu ni wa ukoo mmoja na alizeti, ingawa kwa kuutazama tu mtu hawezi kudhani hivyo. Kuupanda ni kazi ya dakika moja: hukatwa kipande cha tawi, huchomekwa ardhini wakati wa mvua, basi. Ndiyo maana watu wengi huutumia kuwa ua wa nyumba.

Mtu akiondoka Masisi na kushuka kwa njia ya Nyabiondo kuelekea Walikale, nchi hubadilika chini ya miguu yake. Mji wa Masisi uko juu ya mita 1,500, na vilima vyake hupita mita 2,000. Huko kuna malisho ya ng'ombe, ukungu wa asubuhi, na baridi ya usiku. Mji wa Walikale uko karibu na mita 700. Huko ni joto, ni mito mikubwa kama Lowa, ni msitu. Mubirizi huonekana huku na huku. Katika Walikale hauingii ndani ya giza la msitu, kwa kuwa wapenda jua. Husimama kando ya vijiji na katika mashamba yaliyoachwa.

Watu wa nchi nyingi za Afrika wameujua mti huu tangu zamani. Wa Nijeria na wa Kameruni huupika majani yake kuwa mboga. Kwanza huyasugua na kuyaosha mara nyingi mpaka uchungu mwingi umetoka, kisha huyatia karanga, samaki au nyama. Mboga hiyo ya Kameruni huitwa ndolé, na watu wa huko huisifu popote waendako. Katika nchi zetu za maziwa makubwa, mubirizi ni dawa zaidi kuliko chakula: dawa ya tumbo, ya minyoo, ya homa, ya upele. Wachungaji nao huwanywesha wanyama maji yake. Wengine hutafuna kijiti chake wakisafisha meno.

Sasa swali. Je, ni dawa kweli? Au uchungu wake tu huwafanya watu wadhani kwamba kitu kichungu namna hii lazima kitaponya?

Jibu moja lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitazamia, kwa mgonjwa ambaye hakuwa mtu. Upande wa mashariki wa ziwa Tanganyika, katika nchi ya Tanzania, iko milima ya Mahale, na katika misitu yake wamo sokwe mtu wengi. Wataalamu wa Japani walikuwa wamekaa huko miaka mingi wakiwachunguza. Mwezi wa Novemba 1987, mtaalamu mmoja aitwaye Michael Huffman alikuwa akimfuata sokwe jike pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde. Mzee Mohamedi alikuwa mtu wa kabila la Watongwe, mwenye kuijua misitu ile na miti yake ya dawa. Sokwe yule jike walimwita Chausiku.

Siku hiyo Chausiku alikuwa mgonjwa. Wakati wenzake walipokuwa wakila, yeye alilala. Alitembea polepole, na haja zake hazikuwa kama za siku zote. Kisha aliinuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti mdogo, akavunja chipukizi. Akamenya gome kwa meno, akatupa majani, akabaki na kiini laini cha ndani. Akakitafuna, akanyonya maji yake, akatema makapi.

Huffman aliuliza mti ule ni nini. Mohamedi alijibu kwamba ni mjonso, dawa kali ya Watongwe kwa maumivu ya tumbo. Mjonso wa Watongwe ndio mubirizi wetu. Sokwe hawauli mti huu kama chakula cha kila siku. Ni mchungu mno hata kwao. Basi watu hawa wawili walimfuata Chausiku ili waone mwisho wake. Siku ya pili alikuwa bado dhaifu asubuhi, lakini mchana nguvu zilimrudia, akaanza tena kula vizuri. Mwaka wa 1989 Huffman na Mohamedi walichapisha habari hii kwa majina yao wawili, na ni haki, kwa sababu bila Mohamedi yule Huffman angeona sokwe akitafuna kijiti tu.

Mgonjwa mmoja kupona haitoshi. Pengine angepona bila dawa. Basi miaka iliyofuata walichunguza zaidi. Sokwe mwingine aliyetafuna kiini cha mubirizi, mavi yake yalipimwa kwa hadubini. Kabla ya kutafuna, katika gramu moja yalikutwa mayai 130 ya minyoo ya aina moja, ambayo hujichimbia ndani ya ngozi ya utumbo na kufanya vinundu. Baada ya saa 20 hivi, mayai yalikuwa 15. Tena waliona kwamba sokwe hutafuna mubirizi zaidi wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndipo minyoo hiyo huzidi.

Nao wataalamu wa chuo kikuu cha Kyoto huko Japani walichukua mubirizi, wakatenga vitu vilivyomo. Walikuta vitu vichungu vya namna nyingi. Vingine hudhoofisha vijidudu na minyoo. Vingine vina tabia ya sabuni, ndiyo sababu maji ya majani yaliyopondwa hufanya povu. Kitu kimoja, walichokiita vernodalin, ni kikali sana, na kwa kipimo kikubwa ni sumu. Hicho kimejaa zaidi katika majani kuliko katika kiini cha chipukizi. Mkumbuke jambo alilolifanya Chausiku: majani aliyatupa.

Kwa hiyo nyanya wa Masisi hakudanganyika. Katika mubirizi mna nguvu, na nguvu hiyo hugusa kweli minyoo na vijidudu. Watu waliouona mti huu vizazi kwa vizazi, bila hadubini, walitambua jambo ambalo vyuo vikuu walilithibitisha mwishoni mwa karne ya 20. Hata hivyo minyoo ya sokwe wa Mahale si ile ile ambayo huwasumbua watoto wa shule. Kwa minyoo ya watoto kuna kinini kinachotolewa katika vituo vya afya na mara nyingine shuleni, nacho kimepimwa kwa mamilioni ya watoto. Kikombe cha nyanya hakijapimwa hivyo.

Lakini kuumwa tumbo si jambo zito kupita yote. Jambo zito ni homa.

Katika Walikale homa ni jirani wa kila siku. Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nijeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na katika kila wagonjwa 8 wa dunia nzima, 1 hivi ni wa Kongo. Malaria huletwa na kijidudu kidogo sana ambacho mbu jike wa namna ya anofelesi hukitia katika damu anapouma usiku. Ili kijidudu kikue ndani ya mbu, lazima pawe na joto. Baridi ikishuka chini ya digrii 16 au 18, hakikui. Kwa sababu hiyo vilima vya juu vya Masisi vina malaria kidogo kuliko mabonde ya Walikale. Jambo hili ni jema, na tena lina hatari yake. Mtu aliyekulia katika malaria nyingi, mwili wake hujifunza kupigana nayo kidogo, asife upesi. Mtu wa vilima hajajifunza. Anaposhuka Walikale kufanya biashara, au kutafuta kazi katika machimbo, au kukimbia vita, humpata vikali. Watoto wadogo wa pande zote mbili ni hivyo hivyo: miili yao haijapata nafasi ya kujifunza.

Sasa nyumba nyingi, mtoto anapopata homa, huanza na mubirizi. Baba na mama huona kwamba joto limeshuka, mtoto ameomba chakula, nao hushukuru. Je, amepona?

Huko Uganda watafiti walitaka kujua. Habari zake zilichapishwa mwaka wa 2009. Walichukua wagonjwa 41 wa malaria isiyo kali, wote wenye umri wa miaka 12 au zaidi. Kijidudu kilikuwa kimeonekana katika damu yao kwa hadubini. Wagonjwa hao walinyweshwa maji ya majani mabichi ya mubirizi, nao waganga walikuwa karibu ili wawape dawa nyingine kama ingehitajiwa. Siku ya 14 walihesabu. Katika kila wagonjwa 100, kama 67 walikuwa wamepata nafuu. Hesabu hiyo si mbaya kwa majani ya nyuma ya nyumba! Lakini walipotazama damu, mambo yakawa mengine. Katika kila 100 wa wale waliopata nafuu, 32 tu ndio waliokuwa hawana kijidudu tena. Na katika kila 100 wa hao walioonekana safi, kijidudu kilirudi kwa 71.

Wanafunzi waifanye hesabu hii wenyewe katika daftari, wakianza na wagonjwa 100. Wenye nafuu ni 67. Waliosafishwa damu ni 21. Ambao kijidudu kiliwarudia ni 15. Wanabaki 6.

Ni kwa nini mtu asikie nafuu na damu bado ina ugonjwa? Kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huko huongezeka, kisha chembe hupasuka na vijidudu vingi hutoka pamoja kutafuta chembe nyingine. Wakati wa kupasuka ndipo mgonjwa hutetemeka na kuwaka moto. Mubirizi huua sehemu ya vijidudu. Vikipungua, joto hushuka. Vile vilivyobaki vinaendelea na kazi yao kimya kimya, na baada ya siku chache vimekuwa vingi tena, na damu ya mtoto imepungua zaidi kuliko mara ya kwanza. Wagonjwa wale wa Uganda walikuwa watu wakubwa na vijana, ambao miili yao ilikwisha kujua malaria na kuweza kusaidiana na dawa. Mtoto wa miaka 2 hana msaada huo. Kwake yeye, toka homa ya kwanza mpaka kupoteza fahamu, pengine ni siku moja au mbili tu.

Mtu asiseme kwamba basi dawa za miti hazina maana. Kivu yenyewe ni shahidi wa kinyume chake. Katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini kuna mashamba ya mti wa kinini, ambao kwa kizungu huitwa Cinchona. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 mapadri Wajesuiti waliokuwa Peru walilichukua gome lake mpaka Ulaya, na unga wake ukaitwa unga wa Wajesuiti. Watu waliunywa katika mvinyo, nao ulikuwa mchungu kweli kweli. Wengine walipona, wengine hawakupona, kwa kuwa gome moja lilikuwa na nguvu na lingine halikuwa nayo, na kwa macho hayakuweza kutofautishwa. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 200. Mwaka wa 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kutenga ndani ya gome kile kitu chenyewe kinachoponya, yaani kinini. Toka hapo ikawezekana kupima: kwa mtu mzima kiasi hiki, kwa mtoto kiasi kile.

Waholanzi walipanda miti hiyo kwa wingi katika kisiwa cha Java. Vita Kuu ya pili ilipofika, Wajapani waliteka Java mwaka wa 1942, na kinini kikakosekana katika sehemu kubwa ya dunia. Mwaka huo huo kiwanda cha kinini kilianza Bukavu, nacho ndicho Pharmakina. Magome ya vilima vya Kivu yakawa dawa ya watu wa mbali. Na katika lugha ya hapa jambo hili limeacha alama: mpaka leo watu wengi wa Kivu huita kidonge cho chote kinini, hata kama ni cha kichwa au cha minyoo, kwa kuwa kidonge walichokijua zamani kilikuwa kile.

Majani mengine yamefuata njia hiyo hiyo. Katika China watu walitumia mmea wa Artemisia annua kwa homa kwa zaidi ya miaka elfu. Bibi Tu Youyou na wenzake waliutafuta moyo wa dawa ile, wakaupata mwaka wa 1972, nao huitwa artemisinini. Mwaka wa 2015 alipewa zawadi ya Nobel. Dawa za malaria zitolewazo leo katika vituo vya afya vya Masisi na Walikale zina kitu hicho, kikiwa kimechanganywa na dawa ya pili ili kijidudu kisipate njia ya kuponyoka. Kwa malaria kali, sindano yake, iitwayo artesunate, imechukua nafasi ya kinini. Jambo hilo liliamuliwa baada ya kulinganisha dawa hizo mbili kwa watoto zaidi ya 5,000 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2010: waliochomwa artesunate walikufa wachache kuliko waliopewa kinini.

Na mmea wa Artemisia wenyewe, ukitiwa katika maji ya moto na kunywewa kama chai? Huo una shida ile ile ya mubirizi. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya la Dunia lilisema wazi kwamba chai hiyo isitumiwe kuponya malaria wala kuikinga. Jani halina kipimo. Majani ya msimu wa mvua si sawa na ya kiangazi, machanga si sawa na makuukuu, ya udongo mweusi wa volkano si sawa na ya udongo mwekundu. Kiganja cha nyanya nacho si sawa na kiganja cha shangazi. Leo mtoto amepewa kidogo mno, kesho amepewa kingi mno, na rangi ya maji katika kikombe ni ile ile.

Tena wako watu ambao mubirizi waweza kuwaletea shida. Mwenye mimba asiunywe: katika sehemu za Uganda wakunga huutumia kusaidia uzazi, na kitu chenye kusukuma tumbo la uzazi wakati wake, husukuma hata kabla ya wakati. Mwenye ugonjwa wa sukari anayemeza dawa zake amwulize mganga kwanza, kwa maana majaribio juu ya wanyama yameonyesha kwamba mubirizi hushusha sukari katika damu, na dawa mbili za kushusha zikikutana, sukari hushuka kupita kiasi. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake. Kwa wengine waliobaki, watu wakubwa wenye afya, ambao tumbo limewasumbua kidogo au hamu ya chakula imepotea, kikombe kidogo mara moja moja ni desturi ya zamani isiyo na lawama. Na ndolé, kwa anayeweza kuipika, ni mboga nzuri.

Ni rahisi kuandika katika kitabu kwamba kila mwenye homa aende kwenye kituo cha afya. Huko Walikale pana vijiji ambavyo kituo ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na mito ikijaa njia hukatika. Vita navyo hufunga njia ambazo mvua haikufunga. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika mji wa Masisi, na mwezi wa Machi mwaka huo huo vikafika mji wa Walikale. Watu wengi walikimbia na watoto mgongoni. Mtu aliyejificha msituni usiku na mtoto anayewaka moto hutumia alicho nacho, na mara nyingi alicho nacho ni majani. Hakuna wa kumcheka.

Lakini hata hapo, kuna njia mbili za kuyatumia majani. Mmoja humnywesha mtoto mubirizi, huona joto limeshuka, na kwa sababu hiyo huahirisha safari. Wa pili humnywesha, na alfajiri huondoka vile vile, joto liwe limeshuka au halikushuka. Wote wawili wamechuma mti mmoja.

Nazo ziko dalili ambazo zikionekana, hata alfajiri haingojwi. Mtoto ametetemeka mwili mzima macho yakigeuka juu. Hawezi kunyonya wala kunywa, au hutapika kila kitu. Hulala bila kuamka vizuri. Viganja vyake vimekuwa vyeupe. Mkojo wake umekuwa mweusi kama chai. Mtoto wa namna hii hata asipewe kikombe mdomoni, asije akapaliwa. Katika vijiji vingine mhudumu wa afya wa kijiji anayo dawa ya artesunate ya kutiwa kwa njia ya nyuma, kwa watoto wa chini ya miaka 6. Dawa hiyo humaliza sehemu ya vijidudu wakati mtoto anabebwa kwenda hospitali. Yenyewe peke yake haiponyi, safari lazima iendelee.

Basi mfikirie mama mmoja wa kijiji cha kando ya mto. Mtoto wake wa miaka 4 alianza homa jana jioni. Hana dalili hata moja ya zile mbaya. Mama alimvua nguo nzito, akampangusa kwa maji ya vuguvugu, akampa maji mengi ya kunywa na mubirizi kidogo, kwa kuwa ndivyo mama yake alivyomfanyia yeye. Usiku wa manane joto limeshuka. Mtoto amelala vizuri, anapumua vizuri. Nje mvua inanyesha, na njia ina matope mpaka magotini.

Kumepambazuka. Amemfunga mtoto mgongoni, ametembea saa tatu. Katika kituo cha afya muuguzi amemshika mtoto kidole, amemchoma kidogo, amechukua tone moja la damu na kulitia katika kipimo, kipande cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole. Amemwambia mama angoje dakika 15. Mtoto hana joto kabisa, anacheza na kamba ya mzigo, na mama anaanza kuona haya kwamba pengine amekuja bure.

Mstari wa kwanza huonekana daima. Huo huonyesha tu kwamba kipimo ni kizima. Dakika zikipita, kando yake umejitokeza wa pili, mwembamba, mwekundu.